Kusoma Grafu na Michoro ya Mtawanyiko katika Hisabati ya Shule

Grafu huonyesha vipimo viwili vinavyokwenda pamoja: umri na uzito, saa na umbali, mwinuko na joto. Mhimili mlalo hubeba kipimo kimoja, mhimili wima hubeba cha pili, na kila nukta iliyo kati yao ni taarifa kamili yenye namba mbili. Wazo la kutaja mahali pa nukta kwa namba lilichapishwa na René Descartes mwaka 1637, lakini karibu miaka 150 ilipita kabla halijaanza kutumika kwa mambo ya biashara na hazina ya serikali. Mskoti William Playfair alifanya hivyo mwaka 1786, katika kitabu chenye mistari inayoonyesha biashara ya Uingereza na mataifa mengine ikipanda na kushuka miaka kwa miaka. Playfair aliona haja ya kuwaeleza wasomaji wake namna ya kuisoma. Mtoto wa miaka 12 ana haja hiyohiyo, kwa sababu mtu hazaliwi akijua kwamba upana wa karatasi unaweza kuwa muda na urefu wake ukawa uzito.

Nchini Marekani, viwango vya hisabati vya Common Core vilivyotolewa mwaka 2010 humpeleka mwanafunzi hatua kwa hatua. Darasa la tano huweka nukta zenye namba chanya, la sita huingia pande zote nne za mihimili, na la nane hukutana na mchoro wa mtawanyiko, ambao lazima auchore na kuufasiri. Nchi nyingine hupanga madarasa kwa namna yao, lakini umri hukaribiana, miaka 10 hadi 14 hivi, na ugumu haubadiliki. Kuchora hufundishwa kwa bidii: rula, penseli iliyochongwa, skeli, nukta, mstari. Kusoma huachwa kana kwamba kutakuja kwenyewe, na hakuji. Mwanafunzi anaweza kuchora grafu safi isiyo na kosa, kisha akashindwa kutoa hata sentensi moja ya kweli kuhusu jambo linaloonyeshwa. Sentensi hiyo ndiyo hisabati yenyewe. Mchoro ni matayarisho tu.

Mtafiti wa elimu wa Marekani Frances Curcio alitenganisha mwaka 1987 ngazi tatu za usomaji huu. Ya kwanza ni kusoma data: saa nne asubuhi basi lilikuwa kilomita ngapi kutoka Dar es Salaam? Jibu lipo palepale, linahitaji jicho na kidole. Ya pili ni kusoma kati ya data: basi lilikwenda kasi zaidi kabla ya Chalinze au baada yake? Hapo lazima sehemu mbili za grafu zilinganishwe. Ya tatu ni kusoma zaidi ya data: likiendelea hivyo litafika Morogoro saa ngapi, na kuna sababu gani ya kuamini kwamba litaendelea hivyo? Mitihani hupenda ngazi ya kwanza kwa kuwa jibu lake ni namba moja na usahihishaji wake ni mwepesi. Matokeo yake, ngazi ya tatu, ambayo ndiyo watu wazima huihitaji wanapofanya uamuzi, hupata dakika chache mno darasani.

Kabla ya ngazi zote kuna mihimili. Ni lazima ijulikane nini kinapimwa, kwa kizio gani, na kila mraba wa karatasi una thamani gani. Makosa ya hapa ni madogo lakini huharibu kila kinachofuata. Mraba wenye thamani ya 5 huhesabiwa kama 1. Namba za jedwali, tuseme 3, 7, 8 na 20, hupangwa kwenye mhimili kwa nafasi sawa kama zilivyofuatana, na umbo lote la grafu likawa la uongo. Jambo la kuangaliwa zaidi ni pale mhimili wima unapoanzia. Bei ya sukari ikipanda kutoka shilingi 2,800 hadi 3,000, pau zilizoanzia sifuri zitatofautiana kidogo tu; zikianzia 2,700, ya pili itaonekana ndefu mara tatu ya ile ya kwanza. Kwa grafu ya pau hilo ni kosa, maana jicho hulinganisha urefu wa pau nzima. Kwa grafu ya mstari si kosa siku zote: joto la mwili wa mgonjwa likichorwa kuanzia sifuri, homa yake haitaonekana.

Ugumu mkubwa wa grafu za mstari uko katika kutofautisha urefu wa mstari na mteremko wake, yaani kiasi kilichopo na kasi ambayo kiasi hicho kinabadilika. Mfano bora umo majumbani mwa watu Afrika Mashariki: kadi ya kliniki. Mhimili mlalo ni umri wa mtoto kwa miezi, mhimili wima ni uzito kwa kilo, na kila mtoto anapopimwa muuguzi huweka nukta na kuiunganisha na ya mwezi uliopita. Kadi za namna hii zilienea kutokana na kazi ya daktari Mwingereza David Morley nchini Nigeria. Wachukuliwe watoto wawili waliopimwa wakiwa na miezi 9, 10 na 11. Wa kwanza ana kilo 9.6, kisha 9.6, kisha 9.5. Wa pili ana 7.2, kisha 7.5, kisha 7.8. Akiulizwa nani mzito, mwanafunzi hujibu bila shida. Akiulizwa nani ameongezeka vizuri zaidi katika miezi hiyo, ni rahisi amtaje wa kwanza, kwa kuwa mstari wake uko juu. Lakini mstari huo wa juu umelala, na mwishoni umeanza kuinama. Wa chini unapanda gramu 300 kila mwezi. Muuguzi mzoefu atamuuliza mama wa mtoto wa kwanza kama mtoto ameharisha, ameugua homa au amekataa chakula, ingawa uzito wake bado ni mzuri kwa umri wake. Mtoto wa pili bado ni mdogo na anahitaji kufuatiliwa, ila mwelekeo wake unatia moyo. Urefu wa mstari umejibu swali moja na mteremko umejibu lingine, na mwalimu anayetafuta namna ya kuitambulisha mada hii hana haja ya kwenda mbali.

Mkanganyiko huohuo hujitokeza kwenye grafu za mwendo. Mabasi mawili yanaondoka Dar es Salaam kwa wakati mmoja kuelekea Dodoma, na grafu inaonyesha kasi ya kila moja. Basi A lilianza kwa kasi kubwa, basi B likaongeza mwendo taratibu, na baada ya saa moja mistari yao ikakatana. Wanafunzi wengi husema kwamba hapo mabasi yalikutana. Yalichokuwa nacho sawa dakika ile ni kasi. Basi A lilikuwa mbele kwa umbali wote liliokuwa limetangulia katika saa nzima. Kama mhimili wima ungekuwa umbali, makutano yangekuwa makutano kweli. Umbo ni lilelile, mhimili umebadilika, na maana imegeuka kabisa.

Kosa jingine, linalofahamika sana kwa watafiti, ni kuiona grafu kama picha ya mahali. Mstari wa umbali kutoka nyumbani unapanda, unalala, unashuka. Mwanafunzi anasimulia mtu aliyepanda kilima, akavuka tambarare, akateremka. Mtu huyo huenda alitembea barabara iliyonyooka hadi dukani, akasimama kununua mahitaji, akarudi. Malcolm Swan na wenzake wa Shell Centre, Chuo Kikuu cha Nottingham, waliandaa mwaka 1985 mazoezi yaliyolenga kosa hili moja kwa moja. Katika zoezi moja mwanafunzi hupewa grafu ya kasi na muda pamoja na orodha ya michezo, kuanzia uvuvi na mbio za mita 100 hadi kuruka kwa upondo na kujirusha kutoka kwenye ndege kwa mwavuli, kisha huulizwa ni mchezo upi ungetoa grafu ile. Anayeangalia umbo kama picha huvutwa na njia ya mwili wa mrukaji angani. Anayesoma mihimili hulazimika kufuatilia kasi sekunde kwa sekunde: inaongezeka, inatulia hewa inapozuia, inapungua ghafla mwavuli unapofunguka. Thamani ya zoezi hili ni kwamba haliwezi kujibiwa kwa kidole. Lazima pawe na simulizi.

Mchoro wa mtawanyiko unadai jambo jipya. Katika grafu ya mstari kila thamani ya mhimili mlalo ina jibu moja, na nukta huunganishwa. Katika mtawanyiko watoto wawili wenye urefu sawa wanaweza kuwa na uzito tofauti, mashamba mawili yenye mvua sawa yanaweza kutoa mavuno tofauti, na nukta haziunganishwi. Mwingereza John Herschel, katika makala yake ya mwaka 1833 kuhusu nyota pacha, aliweka vipimo vya angani kama nukta na kupitisha mkondo mmoja laini katikati yao badala ya kuugusisha kwenye kila nukta, akijua kwamba kila kipimo kina kosa lake. Francis Galton naye mwaka 1886 alilinganisha urefu wa watu wazima 928 na urefu wa wazazi wao. Wazazi warefu walikuwa na watoto warefu, ila si kwa kiasi kilekile: kwa wastani mtoto alizidi wastani wa watu kwa theluthi mbili hivi tu ya kile ambacho wazazi wake walikizidi. Hakuna mtoto aliyetabirika kwa uhakika, na bado kundi zima lilikuwa na mwelekeo ulio wazi. Uwezo wa kushika mambo haya mawili pamoja, mwelekeo wa wengi na uhuru wa mmojammoja, ndiyo hatua ngumu kuliko zote katika mada hii.

Mfano wa joto na mwinuko unaonyesha kazi nzima. Mombasa iko usawa wa bahari na wastani wake wa joto kwa mwaka ni takriban nyuzi 26 za Selsiasi. Dodoma, kwenye mita 1,100 hivi, ina nyuzi 23; Arusha, mita 1,400, ina karibu 20; Mbeya, mita 1,700, na Nairobi, mita 1,800, zina 18 au zaidi kidogo. Nukta tano zikiwekwa kwenye karatasi zinateremka kutoka kushoto juu kwenda kulia chini. Sentensi ya kwanza ya usomaji ni ya mwelekeo: kadiri mahali palivyo juu, ndivyo joto lake linavyoelekea kuwa dogo. Ya pili ni ya umbo: nukta zinafuata njia iliyonyooka kiasi. Ya tatu ni ya nguvu: ziko karibu na njia hiyo, basi uhusiano ni wa nguvu. Ya nne ni ya nukta zinazokaidi, na hapa Dodoma iko juu kidogo ya wenzake. Nukta ya namna hiyo hairekebishwi wala kufutwa, bali huulizwa sababu: mji umekaa katika nyanda kavu za kati, penye jua kali. Mara nyingi nukta iliyojitenga ndiyo yenye habari zaidi kuliko zote.

Mstari wa mwelekeo hupitishwa kwa jicho ili nukta zigawanyike juu na chini yake kwa usawa. Mwanafunzi asiyefundishwa huulazimisha mstari kuanzia sifuri, au huunganisha nukta ya kwanza na ya mwisho. Kwa miji hii, mstari mmoja unaofaa unaanzia nyuzi 26.5 na kushuka nyuzi 4.5 kwa kila mita 1,000. Namba hizo lazima zirudishwe kwenye maana yake. Ile 26.5 ni joto linalokadiriwa usawa wa bahari, ile 4.5 ni punguzo linaloambatana na kila kilomita ya kupanda. Viwango vya Common Core vinatoa mfano wa aina hiyo kuhusu mimea: mteremko wa sentimita 1.5 kwa saa husomwa kwamba kila saa moja zaidi ya jua kwa siku inaambatana na sentimita 1.5 zaidi za urefu wa mmea uliokomaa. Anayesema tu kwamba mteremko ni 1.5 bado hajasoma kitu.

Mstari huo unaweza kukadiria joto la mji ulio kwenye mita 1,500 kwa kujiamini, maana uko ndani ya data: nyuzi 20 hivi. Ukipelekwa hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, unatoa karibu nyuzi 0. Wastani uliopimwa kileleni ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri. Hesabu haina kosa. Mstari umetumika mahali usipostahili. Miji yote mitano ama iko pwani ama imekaa juu ya nchi pana inayopashwa na jua na kuipasha hewa iliyo juu yake, wakati kilele kimechomoza peke yake katika hewa baridi ya juu. Hewa huru hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kasi kubwa kuliko ile ya miji. Onyo la kutokadiria mbali na data huandikwa vitabuni kama kanuni ya kukariri. Likiambatana na mlima ambao kila mwanafunzi wa Tanzania na Kenya anaujua, linapata sababu.

Si kila mtawanyiko unastahili mstari. Vitabu vingi vya Marekani hutumia data za chemchemi ya Old Faithful iliyoko Yellowstone, inayorusha maji ya moto. Mhimili mlalo ni muda wa mlipuko, mhimili wima ni dakika za kusubiri mlipuko unaofuata. Nukta hujikusanya katika makundi mawili: milipuko mifupi ya dakika 2 hivi, inayofuatwa na kusubiri kwa dakika 55 au karibu na hapo, na mirefu ya zaidi ya dakika 4, inayofuatwa na kusubiri kwa dakika 80 hivi. Wastani wa muda wa mlipuko, dakika 3.5, unaangukia mahali palipo karibu patupu. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11, zenye wastani uleule, mstari wa mwelekeo uleule na kipimo kilekile cha uhusiano, 0.816 hivi. Zikichorwa, moja ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni mkunjo, ya tatu ni mstari mnyoofu wenye nukta moja iliyotoka nje, na ya nne ina nukta kumi zilizosimama wima na moja iliyo mbali peke yake. Namba zilikuwa zimeficha kila kitu.

Carmen Batanero na wenzake, waliowachunguza wanafunzi wa sekondari nchini Hispania na kuchapisha matokeo yao mwaka 1996, walieleza dhana potofu zinazojirudia. Wapo wanaokataa kwamba kuna uhusiano kama kuna nukta hata moja isiyotii. Wapo wanaoangalia sehemu ndogo ya data inayowafaa na kuacha iliyobaki. Wapo wanaoona uhusiano pale tu mstari unapopanda, hivyo ule wa kushuka, kama wa joto na mwinuko, kwao si uhusiano. Na wapo wanaochukulia kwamba mambo yanayoambatana lazima moja limesababisha lingine. Makosa manne haya hayatibiwi kwa dawa moja. La kwanza linahitaji mifano mingi ya data halisi zenye mikwaruzo. Vitabu vyenye nukta zilizopangwa safi huliotesha.

Kuhusu usababishi, Robert Matthews alionyesha mwaka 2000, kwa data za nchi 17 za Ulaya, kwamba nchi zenye korongo wengi zina pia watoto wengi wanaozaliwa, kwa kipimo cha uhusiano cha 0.62. Ukubwa wa nchi unaelezea mengi: nchi kubwa ina nafasi ya ndege wengi na watu wengi. Darasani mfano wa karibu zaidi ni viatu. Katika shule ya msingi, watoto wenye viatu vikubwa husoma vizuri kuliko wenye viatu vidogo, kwa sababu umri hukuza miguu na usomaji kwa pamoja. Mwanafunzi azoezwe kutafuta kipimo cha tatu kabla ya kutamka neno sababu, na azoezwe vilevile kutoishia kwenye kukana tu: uvutaji sigara na saratani ya mapafu vinaambatana, na huko sababu ipo na imethibitishwa kwa njia nyingine zaidi ya grafu.

Kosa la hatari kuliko yote halionekani kwenye karatasi, kwa sababu ni la nukta ambazo hazikuwekwa. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986, wahandisi na mameneja walijadili kama chombo cha anga Challenger kiruke kesho yake katika baridi isiyo ya kawaida kwa Florida. Hofu ilikuwa juu ya pete za mpira zinazoziba viungio vya roketi. Walilinganisha joto na madhara katika safari 7 ambazo pete zilikuwa zimepata hitilafu. Iliyokuwa na madhara makubwa ilifanyika kwenye nyuzi 12 hivi, lakini nyingine ilikuwa kwenye nyuzi 24, na nukta chache namna hiyo hazikuonyesha mwelekeo wa kushawishi. Safari ambazo pete hazikuharibika ziliachwa nje, kana kwamba hazina la kusema. Tume ya Rogers, iliyochunguza ajali iliyofuata, ilizirudisha mezani. Katika safari 20 zilizofanyika kwenye nyuzi 19 au zaidi, 3 tu zilikuwa na hitilafu. Katika 4 zilizofanyika kwenye nyuzi 17 au chini, zote 4 zilikuwa nayo. Nukta za sifuri, zilizojipanga upande wa joto, ndizo zilizobeba mwelekeo. Wahandisi kadhaa walipinga safari hiyo kwa nguvu na hawakusikilizwa. Challenger kiliruka hewa ikiwa kwenye nyuzi 2 hivi, mbali sana kushoto mwa data zote, na watu 7 waliokuwamo walikufa. Mwanafunzi wa darasa la nane ana zana zote za kuuchora na kuusoma mchoro ule, na ni vigumu kupata somo linalostahili zaidi kipindi kizima.

Darasani, kazi kubwa ya usomaji huu ni ya lugha. Katika shule za serikali za Tanzania, mtoto husoma hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza sekondari, na mada ya uhusiano wa vipimo huangukia karibu na mvuko huo. Mwanafunzi anayeweza kusema kwamba kadiri mwinuko unavyoongezeka joto huelekea kupungua, lakini hawezi kuisema sentensi hiyo kwa Kiingereza, huandika namba tupu na kuonekana hajui. Mwalimu anayeruhusu mjadala kwa Kiswahili kwanza, ndipo sentensi iandikwe kwa lugha ya mtihani, anapima hisabati badala ya msamiati.

Kompyuta zimeondoa sehemu ya kazi ya mkono. Programu ya majedwali huchora mtawanyiko kwa sekunde na kuupitishia mstari, lakini huweza kuchagua yenyewe mahali pa kuanzia mhimili, na hutoa mlinganyo hata kwa nukta zilizotapakaa bila mwelekeo wowote. Muda uliookolewa kwenye rula na penseli unatosha kuweka katika kila jaribio swali la aina tofauti: grafu iliyokwisha kuchorwa, na mwanafunzi akatakiwa kuandika sentensi moja yenye vizio kuhusu inachoonyesha, na nyingine kuhusu jambo ambalo data hizo haziruhusu kusemwa.